Kuuhesabu Mtaa na Kuusimulia: Mwongozo Kamili wa Kutumia Takwimu na Simulizi Kuleta Maendeleo Yenye Haki

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye benchi katika mkutano wa mtaa mmoja wa bondeni, Dar es Salaam, nikamsikiliza mama mmoja akieleza jinsi maji ya mvua yalivyomwingilia chumbani usiku, jinsi alivyombeba mtoto begani na kusimama juu ya kitanda hadi alfajiri, na jinsi unga wa biashara yake ulivyogeuka ugali mbichi ndani ya gunia. Watu wote walinyamaza. Kisha ofisa aliyekuwa akiandika muhtasari aliinua kichwa akauliza, kwa upole kabisa: “Mko kaya ngapi mnaopata tatizo hili?” Hakuna aliyejua. Akaandika sentensi moja, kwamba wananchi wanalalamikia mafuriko, na mkutano ukahamia ajenda ya taka.

Nimeona pia upande wa pili: ripoti nene yenye grafu za rangi, iliyotokana na majibu ya watu wa mtaa kama ule, ikakaa kabatini bila mkazi hata mmoja kuiona. Simulizi peke yake iliishia kwenye huruma, na takwimu peke yake ikaishia kabatini. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvifunga viwili hivyo pamoja, hatua kwa hatua, kwa kutumia mfano wa mafuriko na mitaro katika makazi yasiyopangwa. Njia hiyo hiyo inafaa kwa maji, vyoo, taa za barabarani au nafasi za shule.

Hatua ya kwanza: chagua uamuzi unaotaka ubadilike

Vikundi vingi huanza kwa kusema, “Tukusanye takwimu za mtaa wetu,” na baada ya miezi mitatu huwa na madaftari yaliyojaa na hawajui wayapeleke wapi. Anzia mwisho. Jiulize ni nani hasa mwenye mamlaka ya kuamua jambo hili, anaamua lini, na anahitaji kujua nini ili aamue tofauti na anavyoamua sasa. Andika jibu kwa sentensi moja, kwa mfano: “Tunataka halmashauri iingize mtaro wa mita 400 kutoka msikitini hadi mtoni katika bajeti ya mwaka ujao, na kazi ianzie upande wa chini wanakoishi wapangaji.” Sentensi hiyo itakuongoza kujua swali lipi liulizwe na lipi liachwe.

Kalenda ni muhimu sawa na sentensi hiyo. Tanzania na Kenya zote huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai, lakini uamuzi hufanyika mapema zaidi. Tanzania, vipaumbele vya mitaa hukusanywa miezi mingi kabla, na kwa kawaida mabaraza ya madiwani hupitia bajeti mwanzoni mwa mwaka wa kalenda, kwa hiyo ukifika mezani mwezi Mei umechelewa. Kenya, sheria ya fedha za umma inazitaka kaunti kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka ifikapo tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti ifikapo tarehe 30 Aprili, na ushiriki wa umma ni takwa la Katiba ya mwaka 2010. Hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe hizo. Kwa mtaa mmoja, kazi yote ya mwongozo huu huchukua kati ya miezi mitatu na minne, ikiwa watu wanafanya kwa kujitolea baada ya shughuli zao.

Hatua ya pili: tafuta kilichokwisha kuhesabiwa

Usimsumbue mtu mlangoni kwa jambo ambalo tayari limeandikwa mahali. Matokeo ya sensa yanapatikana hadi ngazi ya kata, na sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 iliihesabu Dar es Salaam kuwa na watu 5,383,728. Ramani pia zipo. Mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwaingiza mitaani wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wenyewe, wakachora nyumba, vichochoro, mitaro na vyoo vya maeneo yanayofurika, na kazi hiyo ikawekwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni, ambako yeyote anaweza kuipakua bila malipo. Kabla yao, mwaka 2009, vijana wa Kibera jijini Nairobi walikuwa wametembea na vifaa vya GPS vya kupimia mahali ulipo na kuutia kwenye ramani ya wazi mtaa ambao ulionekana kama eneo tupu.

Kibera inatufundisha jambo jingine, na ni la kujichunga sisi wenyewe tunaotetea wanyonge. Kwa miaka mingi iliandikwa na kusemwa kwamba mtaa ule una watu wapatao milioni moja. Sensa ya mwaka 2009 ikahesabu watu 170,070. Sensa zenyewe hukosea katika mitaa kama hii, na ni halali kuihoji, lakini pengo hilo ni kubwa mno kuelezwa kwa makosa ya makarani peke yake. Namba iliyotiwa chumvi kwa nia njema humpa mpinzani wako sababu ya kutupilia mbali hata yale uliyoyasema kwa usahihi.

Hatua ya tatu: omba ruhusa, unda kikosi

Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji, ukiwa na barua ya ukurasa mmoja inayosema nani anauliza, anauliza nini, kwa ajili gani, na majibu yatarudishwa lini. Barua ya utambulisho kutoka halmashauri ni bora uipate mapema. Kwa upande wa sheria, Sheria ya Takwimu ya Tanzania ya mwaka 2015 ilibadilishwa mwaka 2018 kwa masharti makali juu ya utangazaji wa takwimu, kisha ikalegezwa mwaka 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakubana wewe pia, hata kama ni kikundi kidogo, na Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Kwa lugha ya kawaida, mambo manne ndiyo msingi wa kukuweka salama: chukua tu unachokihitaji, pata ridhaa, hifadhi majina mbali na majibu, na usikitumie ulichopewa kwa jambo jingine.

Kikosi kiwe cha wakazi. Wadadisi wanane hadi kumi wanatosha kwa mtaa wa kaya 800, nusu wakiwa wanawake, na miongoni mwao wawepo wapangaji, si wenye nyumba peke yao. Awepo pia mtu mzima mmoja anayejua nani amehamia wapi na maji ya mwaka gani yalifika wapi, kwa sababu kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Walipwe angalau nauli na chakula. Kazi ya kujitolea isiyo na hata soda huishia kufanywa na wale tu wenye nafasi ya kujitolea, na hao siyo wanaolala kwenye maji.

Hatua ya nne: tunga dodoso fupi

Maswali 15 yanatosha. Mdadisi asikae mlangoni zaidi ya dakika 20. Kila swali lijibu hoja ya sentensi uliyoiandika katika hatua ya kwanza, na ukishindwa kueleza jibu lake litakwenda wapi, lifute.

Uliza mambo yanayoonekana na kukumbukika. Ukimuuliza mtu, “Je, mafuriko yanakuathiri kwa kiwango gani?” atakupa jibu la kukuridhisha. Muulize: masika iliyopita maji yaliingia ndani mara ngapi? Yalifika wapi ukutani? Ulipoteza nini, na kukinunua tena ilikugharimu kiasi gani? Siku ngapi hukwenda kwenye shughuli zako? Mvua ikinyesha watoto hupita wapi kwenda shule? Kuhusu choo, lipo swali ambalo ni lazima liulizwe kwa heshima na faragha, nalo ni la kutapisha vyoo, yaani kuvifungulia vichanganyike na maji ya mvua kwa sababu gari la kunyonya haliingii kichochoroni au halilipiki. Hakuna atakayelijibu mbele ya jirani yake. Mdadisi mwenye busara huliacha la mwisho, na huuliza kuhusu “vyoo vya eneo hili” badala ya choo cha anayehojiwa.

Jaribu dodoso kwenye nyumba kumi za mtaa wa jirani kabla ya kulitumia. Kwa kukusanya majibu, programu za KoboToolbox na ODK hufanya kazi kwenye simujanja ya kawaida bila intaneti, kisha hutuma majibu mtandao ukipatikana. Karatasi nazo hazina ubaya, ila utahitaji watu wawili wa kuingiza majibu kwenye kompyuta, mmoja akisoma na mwingine akiandika.

Hatua ya tano: mlangoni

Hapa ndipo kazi yote hufaulu au huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hesabu kaya, usihesabu mapaa. Picha ya setilaiti au ya droni inakuonyesha bati moja, lakini chini ya bati hilo nyumba ya Kiswahili yaweza kuwa na vyumba sita, kila chumba kikiwa na familia yake, na banda la uani likiwa na ya saba. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii tulihesabu nyumba, tukamhoji aliyefungua mlango, na mara nyingi aliyefungua alikuwa mwenye nyumba au mtu wake. Matokeo yakasema tatizo kubwa la mtaa ni hati za viwanja. Tuliporudi na kubisha kila chumba, tatizo kubwa likawa maji kuingia ndani na kodi ya miezi sita kudaiwa kwa mkupuo. Mtaa ulikuwa ule ule, na sisi ndio tuliokuwa tumeusikia nusu.

Saa ya kwenda ni suala la haki pia. Ukienda saa nne asubuhi siku ya kazi utawakosa vibarua, makondakta, wauza samaki na wasichana wa kazi za ndani. Gawa kazi katika asubuhi, jioni na Jumapili, na kila mlango uliofungwa urudiwe mara tatu kabla ya kuandikwa kuwa umekosekana. Andika idadi ya waliokosekana na ya waliokataa, kwa sababu utaulizwa.

Kama huwezi kufika kila kaya, chukua sampuli kwa utaratibu ambao mtu hawezi kuuingilia. Orodhesha kaya zote kwanza, chagua kwa kura namba ya kuanzia, kisha ruka kwa hesabu ile ile, tuseme kila kaya ya sita au ya saba. Katika mtaa wa kaya 800, sampuli ya kaya 120 hukupa asilimia zinazoweza kupanda au kushuka kwa takriban 8 hadi 9, na hiyo inatosha kusema “zaidi ya nusu” ukiwa na asilimia 65, ingawa haitoshi ukiwa na asilimia 53. Kaya 250 ni salama zaidi ikiwa nguvu zipo.

Kuhusu kina cha maji, watu huonyesha kwa mwili: kifundo, goti, kiuno, kifua. Pokea jibu hilo, kisha toa futi na upime. Goti la mama huyu si goti la kaka yule. Mtu akikuonyesha mstari wa tope uliobaki ukutani, pima kutoka sakafuni hadi kwenye mstari huo, uandike kwa sentimita, na uandike pia ni mvua ya mwaka gani. Tazama vilevile ambacho hakikuulizwa. Nyumba nyingi za bondeni zina kizingiti cha sementi kilichojengwa mlangoni kuzuia maji, na ndani vitanda vimepandishwa juu ya matofali. Nimewahi kuingia chumba ambacho kitanda kilikuwa juu ya matofali matatu kila mguu, godoro likiwa usawa wa kifua changu, na mtoto wa miaka minne amepangiwa kigoda cha kupandia. Tangu siku hiyo matofali ya kitanda yamo katika dodoso langu. Huhitaji kumuuliza mtu kama anaogopa mvua pindi ukishayahesabu.

Jambo la mwisho la mlangoni: usiandike namba kwa rangi wala chaki ukutani. Desemba 2015 na Januari 2016, nyumba za Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, zilichorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na mamia zikabomolewa. Mtu aliyeliona hilo, au aliyelisikia kwa ndugu yake, akikuona na brashi mkononi atafunga mlango na atakuwa na haki. Tumia ramani iliyochapishwa, ambayo juu yake unaandika namba kwa kalamu. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, na katika vichochoro vyetu mita tano ni nyumba ya mtu mwingine, kwa hiyo ramani ya karatasi itakusahihishia kosa hilo pia.

Hatua ya sita: piga hesabu zinazoonyesha tofauti

Mtaa hauna hali moja. Jedwali la kwanza lionyeshe mtaa mzima, na majedwali yanayofuata yaugawe: wapangaji na wenye nyumba, kaya zinazoongozwa na wanawake, kaya zenye mlemavu au mzee, walio karibu na mto na walio juu. Huko ndiko utakakoona nani anabeba mzigo. Kuwa mwangalifu na wastani. Tuchukue kaya tano zilizopoteza shilingi 20,000, 30,000, 40,000, 50,000 na 860,000. Wastani ni shilingi 200,000, ingawa hakuna hata kaya moja iliyopoteza kiasi kinachokaribia hicho. Namba ya katikati ni 40,000, nayo inawaeleza wengi vizuri zaidi. Andika zote mbili, na ueleze yule wa 860,000 alikuwa nani, kwani pengine alikuwa na duka na mtaa mzima ulikosa mahitaji kwa wiki mbili.

Hesabu nyingine yenye nguvu ni ya bei anayolipa maskini. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Dumu likiuzwa shilingi 100, uniti ni shilingi 5,000. Likiuzwa 200, ni shilingi 10,000. Tafuta ankara ya maji ya mtu wa mtaa uliopimwa, ulinganishe. Hesabu ya aina hii ndiyo iliyoibeba hoja ya Mukuru, Nairobi, ambako watafiti wakishirikiana na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, walionyesha kwamba watu wa Mukuru hulipia maji na umeme bei ya juu kuliko walio katika mitaa rasmi ya jiji lile lile, kwa huduma iliyo duni. Agosti 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango miji, lenye kaya zaidi ya 100,000, na mashirika zaidi ya 40 yakashiriki kuandaa mpango pamoja na wakazi. Hoja ilikoma kuwa ya kuomba msaada. Ikawa kwamba watu hawa tayari wanalipa, na wanalipa zaidi.

Hatua ya saba: zirudishe barazani kabla hazijaenda kokote

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kwangu mimi ndiyo inayotenganisha kuusaidia mtaa na kuuchuma. Kabla ofisa yeyote hajaziona takwimu, kabla hujaweka kitu mtandaoni, ziitie mkutano. Chapisha ramani kubwa, isipungue mita moja na nusu kwa upana, uitandike mezani au uitundike mahali ambapo watoto na wazee wanaweza kuigusa. Anza kwa kuwaomba watu watafute nyumba zao. Kelele zitakazofuata ni kazi inayoendelea: mmoja atasema kichochoro hiki kilizibwa, mwingine kwamba kisima hicho ni cha chumvi, wa tatu kwamba maji hayatoki mtoni kama ulivyochora bali yanarudi nyuma kutoka kwenye kalvati iliyojaa taka. Mpe kila mtu kalamu.

Kisha soma namba moja moja kwa sauti, na baada ya kila namba uliza, “Ndivyo ilivyo?” Msimuliaji wa pwani husema “Paukwa” na kungoja “Pakawa” kabla ya kuendelea, na takwimu nazo zisomwe kwa namna hiyo, msomaji akingoja kuitikiwa. Namba isiyoitikiwa ichunguzwe upya. Katika mkutano mmoja tulisoma kwamba kaya 14 tu zina mtu mwenye ulemavu, na pakawa kimya kirefu. Bibi mmoja akasema, “Mmeuliza wakubwa mbele ya wageni.” Tulirudi na wadadisi wanawake, tukauliza kwa lugha nyingine, na idadi ikaongezeka zaidi ya maradufu.

Mkutano huo uamue pia nini kisitoke nje. Ramani inayoonyesha nyumba moja moja katika eneo la hatari yaweza kuwa kielelezo cha kujengewa mtaro, na yaweza kuwa orodha ya kubomolewa. Novemba 2021, baada ya mipango na takwimu zote zile, maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walivunjiwa makazi yao kupisha barabara. Sisemi kazi ya Mukuru ilikuwa bure, la hasha. Ninasema ulinzi wa ardhi ni jambo jingine, na ramani haiuleti peke yake. Kwa hiyo toa nje takwimu za vikundi vya kaya zisizopungua kumi, ondoa majina na alama za nyumba, na nakala yenye maelezo kamili ibaki mikononi mwa kamati iliyochaguliwa na mkutano.

Hatua ya nane: mtafute msimuliaji kupitia takwimu

Kishawishi ni kumchukua aliyeumia kuliko wote. Kizuie. Simulizi ya msiba mkubwa kabisa huwafanya wasikilizaji waone bahati mbaya ya mtu mmoja. Rudi kwenye majedwali yako, utafute kaya iliyo katikati: maji yaliingia mara tatu, hasara ya kawaida, siku tano bila kazi. Mwombe mtu wa kaya hiyo asimulie siku moja tu, tangu mawingu yalipotanda hadi alipomaliza kufua matope. Mwache aende kwa saa: saa tisa alifanya nini, saa kumi na mbili nani alimbeba nani, usiku alilala wapi. Usimkatize wala kumlazimisha alie, na usimuulize “ulijisikiaje”. Muulize alichoshika mkononi alipotoka.

Simulizi ieleze pia kwa nini mtu yuko pale. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, familia zilipewa viwanja Mabwepande, nje kabisa ya jiji walilolizoea, na baadhi yao walirudi mjini. Aliyezitazama namba za nyumba peke yake aliweza kuwaita wakaidi. Aliyemsikiliza muuza samaki anayepaswa kuwa Feri, kwenye soko la samaki la mjini, kabla ya alfajiri, na kujua nauli na muda wa kutoka Mabwepande, alielewa mara moja. Hapo simulizi ilieleza kile ambacho takwimu haikuwa na safu ya kukiandika.

Ridhaa iombwe mara mbili: kabla ya kurekodi, na baada ya mtu kuisikia au kusomewa simulizi yake ilivyokamilika. Awe na haki ya kubadilisha jina, kuondoa sehemu, au kuiondoa yote. Picha za watoto na za ndani ya chumba zisipigwe kwa sababu tu zinavutia.

Sasa unganisha. Njia inayofanya kazi ni kumruhusu msimuliaji afike kwenye jambo, halafu takwimu iingie hapo hapo kupanua picha: “Nilipandisha kitanda matofali matatu.” Katika mtaa huu, kaya 71 kati ya 120 tulizozitembelea zimepandisha vitanda. Namba (hii ni ya mfano) ikija mara baada ya tofali kuonekana, msikilizaji huviona vitanda 71.

Hatua ya tisa: ipeleke mezani

Kila msikilizaji apate umbo lake. Diwani apewe karatasi moja, upande mmoja tu: ombi juu kabisa, ramani ndogo katikati, namba tatu, na sentensi nne za msimuliaji kwa maneno yake. Mhandisi wa halmashauri apewe ramani yenye vipimo, mwelekeo wa maji na picha za kalvati. Wakazi wapate sauti ya dakika tatu ya kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, na nakala ya ramani ibaki ukutani kwenye ofisi ya mtaa. Redio za jamii hufika kwa wasio na vifurushi.

Weka gharama ya kutofanya kitu. Ikiwa kaya 400 hupoteza shilingi 40,000 kila maji yanapoingia, na yanaingia mara tatu kwa msimu, hiyo ni shilingi milioni 48 kwa masika moja. Mwambie mhandisi akadirie mtaro, kisha ziweke namba hizo mbili kwenye mstari mmoja. Wasemaji wawe wawili, mmoja aliyekusanya takwimu na mmoja aliyesimulia, na wote wawe wa mtaani. Mtaalamu aliyewasaidia akae nyuma. Mkiahidiwa, ombeni ahadi hiyo iingie kwenye muhtasari siku hiyo hiyo, ikiwa na jina la idara na tarehe, na mtu mmoja wa kamati apewe kazi ya kuulizia kila mwezi.

Hatua ya kumi: pimeni tena

Mtaro ukijengwa, rudini kwenye milango ile ile baada ya masika ya kwanza, mkiwa na futi ile ile na maswali yale yale. Andikeni maji yamefika wapi na nani ameshusha kitanda chake. Ulizeni pia kodi imepanda kiasi gani, kwa kuwa mtaro mzuri humpandishia mpangaji kodi, na waliopigania mtaro huo waweza kuwa wa kwanza kuhama. Kisha shukeni hadi mtaa wa chini, ambako maji yenu sasa yanakimbilia kwa kasi zaidi kuliko zamani, mkapime ukuta wa huko pia, mkiwa na mwenyekiti wao, na mkawaachie dodoso lenu.